Editha Anakimbia Saa Nne

Jumamosi, Januari. Upepo.

Tangu asubuhi ni upepo na vumbi. Mawingu yanapita juu ya Nzuguni kama hayatujui, yanakwenda kumwaga Kongwa, sisi tunabaki na mchanga kwenye meno. Saiti tumefunga mchana kwa sababu saruji ilikuwa inaruka kabla ya kufika kwenye maji. Nimekuja hapa intaneti moja kwa moja, na zege bado lipo kwenye kucha. Dada wa hapa ameniangalia mikono, kisha ameiangalia kompyuta yake. Aangalie. Nimelipa kama wengine.

Nina hasira. Nasema mapema ili asiyependa akasome habari za mtu mwingine.

Kuna mtu ambaye hakuweka jina. Aliandika chini ya habari yangu ya mwisho, ile niliyosema binti yangu anarudi shule. Alisema mtoto aliyefiwa na mama anahitaji kuandaliwa kisaikolojia kabla ya kurudi darasani, na kwamba nimtafutie mshauri. Ndugu yangu, mshauri huyo anakaa mtaa gani hapa Nzuguni? Mimi nimeona mashine ya kusaga, duka la mbao, kanisa, msikiti, kilabu cha pombe na kanisa jingine. Ungenielekeza na nyumba yake basi. Maneno yako nilitembea nayo wiki nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni kibarua. Kwetu ni Kasulu. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo nikikosea kuandika nivumilie au uache. Nabeba zege kule mlimani wanakojenga chuo. Mke wangu alifariki mwezi wa kumi na moja, homa ya siku chache tu, na nilimzika hapa hapa Dodoma. Ndugu zangu bado wana kinyongo kwa sababu sikumpeleka nyumbani. Alikuwa anauza maandazi kwenye geti la shule anayosoma binti yetu, Editha. Baada ya mazishi dada yangu alimchukua Editha kwa treni, akakaa naye Kasulu likizo yote. Amerudi wiki iliyopita, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Anaingia darasa la nne.

Sasa nieleze wiki ilivyokwenda.

Jumatatu shule zilifunguliwa. Editha aliamka mwenyewe. Alivaa sare, akachukua fagio la chelewa kwa sababu kila mtoto anatakiwa kufika na fagio siku ya kufungua, akatoka giza likiwa bado linapungua, ili awahi namba, ile ya kuhesabiwa kwa wanaofika mapema. Ukichelewa namba unachapwa. Nikaona mtoto yuko sawa. Nikajisifu kwa mama mwenye nyumba wakati natoka, na saiti kwa wenzangu, kwamba wangu ni jasiri, wala hakulia.

Jioni mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni hata sijavua buti.

"Jasiri wako karudi maharage yangu hata hayajachemka," alisema. "Yuko ndani tangu saa nne."

Nilimkuta kitandani na sare yake, amegeukia ukutani. Nikamuuliza kuna nini. Unaumwa? Umegombana na nani? Akavuta shuka.

Mama mwenye nyumba alisema kwa nyuma yangu kwamba huyo ana kitu, apelekwe akaombewe. Nilimwambia atangulie kuombewa yeye, aache kuchungulia milango ya watu. Tangu hapo hanisalimii. Nimepumzika.

Jumanne nilifanya ninachokijua. Kwetu saiti mtu akianguka kutoka kwenye jukwaa, na kama hakuvunjika, anarudishwa juu siku hiyo hiyo. Hapewi nafasi ya kukaa chini akafikiri. Akilala na ule mwanguko, kesho magoti yanakataa, na asipopanda hana kazi. Mimi mwenyewe nilirudishwa hivyo, wakanisukuma mgongoni na karai langu, na mpaka leo napanda. Basi nikamshika Editha mkono mpaka getini. Pale asubuhi hapana mtu, ni ua wa minyaa na mawe matupu. Akaingia bila kusumbua. Nikaenda zangu kazini nimeridhika.

Saa nne akarudi tena nyumbani.

Jumatano hivyo hivyo. Lakini Jumatano alirudi na alama za fimbo kwenye mashavu ya miguu. Nilipomuuliza alisema neno moja tu. Alisema, "Utoro," kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Sikula siku hiyo. Nilikaa kwenye ndoo nje nikatamani kumpiga mtu, na mtu mwenyewe sikumjua.

Alhamisi nikamwomba msimamizi ruhusa. Akaniambia, "Baba Editha, zege likishachanganywa halina habari na mambo ya shule." Nikamwachia zege lake akalibembeleze mwenyewe.

Mwalimu wa darasa nilimkuta amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, anasahihisha. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Hakunikaribisha kukaa, na pa kukaa hapakuwapo.

"Wewe ndiye uliyemchapa Editha?"

"Ni zamu, mzazi. Watoro wote wanachapwa, sikumchagua yeye."

"Mama yake amekufa."

"Tunajua, mzazi. Tulishamwombea."

Nikamuuliza walimwombea vipi. Akanieleza vizuri kabisa, kama mtu anayeonyesha kazi nzuri. Jumatatu, watoto wakiwa mstarini, mwalimu mkuu aliwaita mbele wote waliofiwa karibuni. Wakasimama pale mbele. Shule nzima ikasema "Poleni" kwa pamoja, kwa ule wimbo wanaosemea shikamoo mwalimu.

"Halafu?"

"Halafu wakaingia darasani."

Nilimwambia kwamba hata mbuzi anayepelekwa mnadani anapewa muda zaidi ya huo. Akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mimi nilimzika mama yangu Jumapili, Jumatatu nilikuwa na chaki mkononi, na hakuna aliyenisimamisha mbele wala nyuma. Sasa wewe nionyeshe, mzazi, nitakaa na yupi, nimwache yupi." Akanyoosha mkono. Watoto walikuwa wamekaa chini mpaka mlangoni. Wote walikuwa wanatuangalia, na Editha yuko katikati, ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimemwaibisha kuliko fimbo.

Nikiwa natoka mwalimu akanifuata kibarazani. Akasema jambo ambalo angepaswa kulisema mwanzo.

"Asubuhi hana tatizo. Anafagia, anajibu hesabu, anacheka hata. Kengele ya saa nne ikilia ndiyo anapotea. Anapita kwenye tundu la minyaa nyuma ya vyoo."

"Basi mwache abaki darasani saa nne."

"Darasa linafungwa. Kalamu zinaibiwa. Wote nje, ndiyo utaratibu."

Utaratibu. Neno hilo ningelikuta barabarani ningelikanyaga.

Lakini saa nne ilibaki kichwani. Kumbe siku zote nilikuwa najibizana na asubuhi, na asubuhi haikuwa na kosa.

Jana, Ijumaa, sikwenda kazini kabisa. Nilikwenda kusimama kando ya ule ua wa minyaa, upande wa barabara, jua limesimama juu yangu. Karibu na saa nne wanawake wakaanza kufika na ndoo zao. Mwenye ubuyu, mwenye mihogo na chachandu, mwenye barafu za ukwaju. Kila mmoja ana jiwe lake na mahali pake, hakuna anayekosea. Jiwe la kwanza kabisa, lililogusana na nguzo ya geti, lilikuwa la mke wangu. Miaka yote alikaa pale. Aliligombea akalipata, kwa sababu mtoto akitoka anakutana na wewe kwanza.

Sasa amekaa mwanamke mwingine. Namfahamu. Ni Mama Zuhura, mwenyeji wa hapa mjini, zamani alikuwa jiwe la pili. Ameketi pale na ndoo nyeupe ya maandazi, imefunikwa kitambaa juu, vilevile.

Wakagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa, ndiyo kengele yao. Watoto wakatoka kama maji. Nikamwona Editha anakuja nyuma yao polepole, mikono ameshika sketi.

Mama Zuhura akainua uso, akaita, "Njoo mwanangu, chukua lako."

Mimi mtu mzima nilishika minyaa bila kufikiri, na minyaa ina maziwa yanayounguza. Yalikuwa maneno ya mke wangu. Alikuwa anamwekea Editha andazi chini kabisa ya ndoo, limefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kila saa nne alimwita hivyo hivyo, kwa kuvuta ile "lako." Mama Zuhura alikaa jiwe la pili akisikia kila siku, na ulimi wake umeshika mpaka mvuto.

Editha alisimama. Niliuona uso wake ukifunguka, kabisa, kwa muda mdogo sana. Kisha akaona aliyeketi pale. Akageuka, akapita nyuma ya vyoo.

Sikumfuata. Nilikwenda kwa Mama Zuhura.

"Shemeji," akasema, "za siku? Umepotea."

"Sijaja kwa salamu."

"Basi nunua andazi. Mwanaume akisimama getini bila kununua watoto wanaogopa, wanadhani mgambo."

Wenzake wakacheka. Yule wa mihogo akasema, "Mwacheni, huyo kaja kudai jiwe."

"Nani amekutuma umwite mwanangu mwanao?"

Kicheko kikaisha. Mama Zuhura akafunika ndoo yake taratibu. Akaniambia mambo ambayo sikuyajua, na nilivyoyasikia hasira haikupungua hata kidogo. Akasema pale getini wana desturi yao. Mwenzao akifa, jiwe lake linaachwa wazi mpaka arobaini, hakuna anayekaa. Baada ya hapo anapewa mmoja wao, na anayepewa anapokea pamoja na mtoto, kama mtoto anasoma hapo. Saa nne mtoto huyo lazima ale, bila kulipa, mpaka amalize darasa la saba. Alisema waligombania. Wa ubuyu alimtaka Editha, wa barafu alimtaka. Akapewa yeye kwa kuwa alikuwa jirani wa marehemu pale kwenye mawe na anapika kitu kilekile.

"Na nimwite vipi?" akaniuliza. "Nimwite wewe mtoto? Namwita kama alivyozoea, asijione ameachwa."

"Anakukimbia. Unaona anavyokukimbia? Wiki nzima anachapwa kwa sababu yako."

"Mimi nimedhani ana haya ya msiba."

"Hama hapa."

"Nimepewa na wenzangu."

"Nimesema hama. Toka kwenye jiwe la mke wangu."

Wa mihogo akasema mwanaume huyu hana adabu. Mama Zuhura alimnyamazisha kwa mkono. Alisimama, ni mwanamke mfupi, akanitazama kifuani maana usoni alikuwa hafiki.

"Mke wako amekula kwangu na mimi nimekula kwake. Siku aliyoanguka na ile homa alikuwa hapa, nilimkokota mimi mpaka zahanati, huku naangalia ndoo mbili. Wewe ulikuwa wapi? Kwenye zege. Sawa, ni kazi yako. Lakini usije ukaniambia jiwe ni la nani."

Akabeba ndoo yake. Akapita wenzake wote, akaenda kukaa mwisho kule kwenye bomba, peke yake. Watoto wakamfuata. Jiwe likabaki tupu.

Niliondoka pale nimeshinda. Ndivyo nilivyoona. Mkono unawasha kwa maziwa ya minyaa, lakini nimeshinda.

Nyumbani Editha alikuwa amekaa kizingitini. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia habari njema: Mama Zuhura nimemhamisha, hatakuwa tena pale kwenye geti, Jumatatu utatoka vizuri.

Akauliza.

"Sasa pale nani anakaa?"

"Hakuna mtu. Patakuwa wazi."

Akaanza kulia. Tangu makaburini sikuwa nimemwona akilia, hata siku ile aliyopandishwa treni. Alilia mdomo wazi, na mama mwenye nyumba akatokea mlangoni, safari hii akaona uso wangu akarudi ndani bila neno.

Nikataka kusema nyamaza mwanangu. Lile "mwanangu" halikutoka. Nikanyamaza mimi. Sikuwa na kingine cha kufanya, nikakaa chini kwenye vumbi nikangoja amalize, na sikumuuliza chochote.

Alipomaliza alijifuta na sketi ya sare. Akasema akiangalia chini.

"Asihame, baba. Pakiwa wazi ndiyo vibaya zaidi."

"Lakini unamkimbia."

"Anaita kama mama. Nikisikia nadhani ni yeye. Halafu naangalia."

Akaongeza, "Aache tu kuniita vile. Andazi nitachukua."

Ndiyo hayo tu. Wiki nzima ya fimbo, maombi, na mimi na falsafa yangu ya jukwaa. Mtoto hakuwa anaogopa shule. Alikuwa anafiwa upya kila saa nne, mbele ya watu wanaotafuna ubuyu, na kila mtu mzima aliyekuwa karibu alikuwa anamsaidia.

Wewe usiye na jina, usije ukaandika hapo chini kwamba umeona, nilipomsikiliza alisema. Mimi sikumsikiliza. Niliishiwa maneno, basi. Kama hiyo ndiyo kazi ya mshauri wako, kukaa chini kwenye vumbi na kufunga mdomo mtoto anapolia, ungeandika hivyo kwa lugha fupi nami ningekuelewa tangu Jumatatu. Unaficha kitu rahisi kwenye neno refu, halafu unaenda kulala.

Na walimu nao sijawasamehe. Jumatatu nitarudi kwa yule mwalimu. Nitamwambia alimaliza yote isipokuwa kumuuliza mtoto anakimbia nini, na atanijibu kwamba na mimi pia. Hilo nitalimeza. Fimbo sitaimeza. Akimgusa tena kwa utoro wa wiki hii, atanikuta pale pale kwenye lile dawati dogo na sitaondoka mpaka kengele ya kutoka.

Kinachonisumbua sasa ni jingine. Mama Zuhura anakaa nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani, mke wangu alinituma kule zamani kurudisha chungio. Nikitoka kwenye kompyuta hii lazima niende. Nimemtoa mtu mahali alipopewa kwa haki, mbele ya wenzake, na sasa niende nikamwambie arudi. Dada wa hapa anaangalia saa maana muda wangu umekaribia kwisha. Natamani uwe mwingi. Sijawahi kuupenda ukumbi huu kama leo.

Radhi sijui kama nitaomba. Zimekwama pamoja na lile "mwanangu" nililoshindwa kusema. Bado nikimfikiria ameketi pale na kitambaa kile juu ya ndoo, damu inapanda. Hata haki yake inaniudhi. Kwamba alimkokota mke wangu na mimi sikuwepo, hilo ndilo linaniudhi kuliko yote, na hakuna mahali pa kulipeleka.

Lakini Jumatatu saa nne nitakuwa juu, na karai begani, na kutoka kule mlimani huwezi kuona geti wala kusikia rimu. Editha atatoka na wenzake. Mtu lazima awe ameketi kwenye lile jiwe, na lazima awe anajua la kusema.

Nitamwambia arudi kwenye jiwe lake. Andazi aweke chini ya ndoo kama kawaida. Lile "mwanangu" aliache, limekwenda na mwenyewe.

Amwite Editha. Jina hilo alipewa na mama yake.